Nyumba ya Katikati

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimetimiza miaka thelathini na mmoja ugenini. Nimepangusa vumbi daftari la sheria za mchezo wetu, lile nililotia mfukoni nikiondoka. Nilimwahidi Miwani, mwenzangu wa kazini, nitalirudisha baada ya mwezi. Mchezo tuliubuni wawili, mapumziko ya mchana, kiwandani kwetu kwa uchapaji: ubao wa nyumba arobaini na tisa, kete zetu herufi za risasi zilizochakaa. Nilidhani ulikufa pamoja na mitambo ile.

Jumatano, 5 Machi
Binti wa Miwani kapiga simu. Baba yake alifariki mwaka juzi — sikujua. Nikampa pole.
Mchezo upo! Wachezaji sitini, kila Jumamosi, ukumbi wa shule. Sheria walizikusanya kwa kumbukumbu, kila mtu na kipande chake. Kete wanachonga za mbao. Ila sasa wamegawanyika. Nyumba ya katikati haichezwi. Miwani ndiye aliyeifunga. Hiyo ya mwenye daftari, alisema, akirudi tutaifungua. Vijana wamechoka kungoja. Wanataka ifunguliwe; wazee wanakataa.
"Wewe ndiye mwenye neno, baba mdogo. Daftari linasemaje?"
Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa ikikatika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelisoma daftari mara tatu. Nyumba ya katikati ni nyumba kama nyingine. Pembeni, mwandiko wa Miwani: "Anayeanza akishika katikati, kashinda. Turekebishe." Hatukurekebisha. Niliondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Binti kapiga akiwa ukumbini, akaniweka kwenye spika. Yule mkata karatasi wetu wa kiwandani bado yu hai. Akaniuliza, bwana mkubwa, huo mwezi wako una siku ngapi? Wakaangua kicheko. Nikacheka nao.
Nyuma yao mwanamke alikuwa akimfundisha mgeni: hapo usiweke kete, mwenyewe yuko safarini. Zunguka.
Wanazunguka. Mchezo wetu ulikuwa ukiisha kwa dakika kumi; wao, anasema binti, wanakaa saa nzima na bado wanabishana njiani kurudi nyumbani. Miwani alirekebisha. Peke yake, na kwa heshima yangu.
"Basi, baba mdogo, tuifungue au tukungoje?"
Ningeweza kuwasomea daftari.
Nikasema: msiifungue mpaka nije.
Wazee wakapiga makofi. Kijana mmoja akadakia: lini, mzee? Nikasema nashughulikia pasipoti.
Pasipoti iko hapa mezani, chini ya daftari, muda wake haujaisha. Sitarudi.