Saa Nane ya Mjomba

Shinyanga, 21 Aprili 2024

Kwa mjomba Bartholomeo,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi huku wazima, binti yangu Ritha kaanza darasa la pili, mvua inatunyima.

Mjomba, nimekupigia tangu tumzike ndugu yangu Magesa, simu haipatikani. Ndiyo maana nampa jirani yangu Mama Eliya barua hii, anakuja Geita na basi la kesho. Nina jambo moja. Mama kule Chato hatoki nje. Wachimbaji waliokuja msibani walisema Magesa alishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, akiwa amelewa, ndiyo maana baruti ikamkuta chini. Mama anasema mwanawe aliondoka kwake asubuhi ile na chai na kiazi tu tumboni. Kila anayekuja kumpa pole anamuuliza, "Alikunywa nini kwangu?" Watu wameanza kumkwepa.

Wewe ni kaka yake Mama, tena ndiye katibu wa kikundi cha wachimbaji. Magesa alijua kabla baruti haijalia hakuna kushuka. Kwa nini alishuka?

Mpwa wako,
Violeth

---

Machimboni, Geita, 9 Mei 2024

Mpwa wangu Violeth,

Marahaba mwanangu. Kifua hakijambo, magoti ndiyo yanayodai uzee. Msalimie Ritha, mwambie babu anamtunzia karanga.

Simu nimeizima mwenyewe, nimeifukia kwenye debe la mchele. Wakati wa Krismasi ulituwekea kwenye simu zetu ile kalenda ya pamoja ya kupanga kazi, ukaandika zamu ya Magesa kila Jumanne. Tumemzika, Jumanne ikafika, saa moja asubuhi simu ikalia: "Magesa anashuka." Nikadhani nitazoea. Sikuzoea. Sasa imezimwa, na Jumanne bado naisikia ndani ya mchele. Naogopa, Violeth. Nisaidie kuifuta ukiwa huko huko.

Hayo mengine tuyaache. Maji yakimwagika hayazoleki. Kijana alifika kutoka Chato saa saba na nusu, akapitia mdomo wa pili wa duara kufuata patasi yake ya moko na nyundo, wakati sisi tuko upande wa pili tunahesabu watu. Hakupiga hodi kwa mtu. Mwambie mama yake asali.

Mjomba wako,
Bartholomeo

---

Shinyanga, 19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo kwa nje.

Nimeifungua kalenda ili niifute zamu. Kabla sijafuta nikarudi nyuma hadi Jumanne ile aliyofariki Magesa, tarehe kumi na mbili Machi. Pameandikwa: "Baruti, 8:00." Nanyi mlilipua saa nane mchana. Kwenye saa ya simu, saa nane mchana ni 14:00. Hiyo 8:00 ni saa mbili asubuhi, Mjomba. Pembeni kuna alama kwamba Magesa alisoma saa tano asubuhi, akiwa ndani ya basi. Alifika saa saba na nusu akijua baruti imelia zamani na moshi umeshatoka. Hakuwa mlevi. Alikuwa mtiifu.

Na kalenda inaonyesha aliyeandika ni wewe. Miezi miwili umemwacha dada yako ajiulize alimpa mwanawe nini, ilhali unajua. Nakuheshimu, lakini hili limeniuma. Utamwambia, au nimwambie mimi?

Zamu sijaifuta.

Violeth

---

Shinyanga, 25 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujanijibu, na sikulaumu. Mama Eliya kanieleza umekonda. Tafadhali kula.

Sikukaa bure. Kalenda ile ni programu ya bure, haina mwenyewe mmoja. Yeyote duniani akiona kasoro anaruhusiwa kuirekebisha na kuwapelekea wanaoitunza. Nimeandika marekebisho ili mtumiaji wa Kiswahili aone chini ya kila namba saa kama tunavyoitamka: 14:00, saa nane mchana. Wamenirudishia mara nne. Mmoja, sijui wa nchi gani, akauliza kwa nini watu wahesabu saa kinyume na saa yenyewe. Nikamjibu kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na jua halijatukosea. Akaomba mfano wa mtu anavyoweza kuandika vibaya. Nikaandika: "Baruti, 8:00, akimaanisha saa nane mchana." Wiki iliyopita wameyakubali.

Lakini ule mfano ndio ulionikumbusha. Krismasi, jikoni kwa mama, uliniuliza saa inaandikwaje humo. Nilikuwa nakaanga maandazi, nina haraka. Nikakwambia, "Andika namba ya saa tu, Mjomba, itajua yenyewe."

Ulikumbuka. Siku zote hizi ulikumbuka, ukanyamaza ili nisijue. Nami nikakuandikia vile. Nisamehe.

Washa simu, upokee kalenda mpya.

Mpwa wako,
Violeth

---

Machimboni, Geita, Jumanne, 10 Septemba 2024

Mwanangu Violeth,

Marahaba, mara nyingi. Nakula. Jana nimemaliza sahani nzima ya ugali na dagaa, uliza.

Kukumbuka nilikumbuka. Siku zote Magesa ndiye aliyekuwa akiniandikia kwenye kalenda. Safari ile yuko Chato, nikajitia msomi. Mkono ulikuwa wangu. Nikaona mtu mmoja anatosha kubeba.

Simu nimeiwasha. Nimekaa na wachimbaji nikawafungulia Jumanne ile. Namba haikubadilika, ila chini yake sasa pameandikwa kwa lugha yetu: saa mbili asubuhi. Wamepokezana simu mkono kwa mkono. Donatus, aliyekuwa wa kwanza kusema ulevi, akavua kofia. Yeye ndiye katibu sasa, kalenda iko kwenye simu yake.

Kisha nikaenda Chato. Nimemwambia dada yangu yote yaliyo yangu. Hakulia wala hakunifukuza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alisoma?" Nikamwambia alisoma. Akasema, "Basi alitoka kwangu mzima." Jioni akaenda kisimani mwenyewe, na wanawake wakamsogelea.

Lile neno la jikoni sikulitaja. Alikuwepo siku ile, anapepeta unga nyuma yako, lakini hajalikumbuka. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako. Mimi nimeshatua changu.

Leo asubuhi imelia tena: "Magesa anashuka, saa moja asubuhi." Nikaiitikia kama nilivyokuwa nikimwitikia yeye, kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka." Ilikuwa mara yangu ya mwisho. Simu nimeifunga pamoja na barua hii, Mama Eliya atakukabidhi. Zamu sijaifuta, uliiandika wewe. Chaji inayo, itafika hadi Jumanne ijayo, ilie kwako.

Mjomba wako,
Bartholomeo