Alama ya Mzee Alois

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimepata kazi! Wafugaji nyuki wa Ntalikwa wanataka tovuti. Mwenyekiti wa kikundi chao, Bwana Justus, kaja mwenyewe hapa Mtendeni, kakaa katikati ya vitambaa vya Mama vya kushona. Wamechoka na walanguzi, anasema. Wanataka mnunuzi wa Mwanza au Dar awaone bila dalali. Nikamuuliza tovuti iwe ya namna gani. Akasema nzuri. Nikacheka – yeye hakucheka.

Nikamweleza. Kurasa chache. Picha nyepesi, maana mtandao wa huku unajikokota. Namba ya simu juu kabisa, na kitufe cha kuagiza. Mtu akifungua ajue hapohapo hawa ni nani, wanauza nini, anawapataje. Yeye alitaka nyuki waruke-ruke kwenye kioo. Nimemkatalia, na naona kawasikitikia wale nyuki.

Uzinduzi tarehe 29, na wageni waalikwa. Mama anasema nisijifanye najua kila kitu. Kwani nimesema najua?

Alhamisi, 13 Juni

Miguu inawaka. Nyuki wawili wameniuma, mmoja sikioni. Lakini picha nilizopata!

Nimeshinda porini na Mzee Alois, mkubwa wa kikundi kwa umri. Mkewe, Mama Apolinaria, ndiye aliyenifunga kanga kichwani mpaka nikabaki macho. Akaniambia pembeni nimtazame Mzee, siku hizi anasahau-sahau. Juzi kaacha msituni kamba yake ya kupandia miti. Mimi nikaitikia tu. Huko porini sikuona alichosahau. Ni mimi niliyesahau maji ya kunywa.

Mizinga yake ni ya magome, imetundikwa juu huko. Kila mmoja una alama kwenye mfuniko, imechongwa kwa kisu. Kila ukoo na alama yake. Yake ni mistari mitatu imesimama, na mmoja umelala juu yake. Ya baba yake hiyo, na ya babu yake. Kaniambia ukikuta mzinga wenye alama ya mtu, hata umeanguka na kupasuka, hugusi. Na ukichonga alama yako kwenye mzinga wa mwenzio umeshamwibia, hata kama hujalamba tone.

Nikasema loo, hadithi tamu hii, inafaa ukurasa wa Kuhusu Sisi. Nikapiga picha ya ile alama kama mara ishirini. Mzee alinishikia tawi lisinizibe.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Pilau, wageni, watoto na nguo mpya. Mimi niko jikoni na laptopu hadi Mama kanifukuza. Kurasa zote tayari, nembo hakuna. Kila anayeuza asali kaweka nyuki. Nyuki anacheka, nyuki kavaa miwani, nyuki kashika kijiko. Sitaki nyuki!

Ijumaa, 21 Juni

Nembo imepatikana, na ilikuwa kwenye simu yangu siku zote. Ile alama ya Mzee Alois! Nimeichora upya, rangi ya asali iliyoiva. Hata ukiipunguza ikawa kama punje ya ulezi bado inasomeka. Nimeiweka juu ya kila ukurasa, kwenye lebo za chupa zote za kikundi, na kwenye bango. Chini ya bango, kwa herufi ndogo: Imebuniwa na Asmahani.

Nilitaka kumuuliza Mzee. Nikapiga, simu haipatikani. Nilipiga mara moja tu – niseme ukweli, hapa hanisomi mtu. Mwenyekiti nimemtumia picha ya ukurasa. Simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Kajibu "Safi". Nikachukua hiyo safi nikaenda nayo kiwandani kuchapa lebo.

Jumamosi, 29 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tovuti imefunguka vizuri. Hilo halina neno. Ghala la kikundi limepambwa, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Nikabofya, nembo ikatokea kubwa kama mlango. Wageni wa mjini wakapiga makofi. Wanakikundi mikono imebaki magotini. Nikadhani hawajaelewa. Nikaongeza maelezo! Nikawaonyesha na chupa, moja moja, zimepangwa mezani na alama yake. Mama mmoja mbele akanyoosha mkono akaigeuza chupa iangalie ukuta.

Wageni walipoondoka mlango ukafungwa. Bwana Justus akauliza nani kaweka alama ya Alois kwenye asali ya watu wote. Sauti zikaanza. Kwamba sasa asali ya Ntalikwa nzima ni ya Alois. Kwamba ndiyo maana alijitolea kunipeleka porini. Mtu akasema enzi za wazee wetu, kwa jambo kama hili mtu alihama kijiji. Na macho yote kwa Mzee. Alikuwa kavaa koti lake la kanisani.

Wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ni kusema nimeichukua mwenyewe, sikuuliza, nisameheni. Watu wale si wabaya, wangefoka, wangenyamaza. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya bango lenye jina langu, wageni wa mjini wametoka sasa hivi wakinipongeza, na mdomo ukajisemea.

"Mzee aliniruhusu."

Basi, ndiyo hayo niliyoyasema.

Mzee Alois akanitazama. Hakukasirika, heri angekasirika. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka chini. Kisha akasema, polepole:

"Kama mtoto kasema nilimruhusu, basi nilimruhusu. Mimi siku hizi nasahau."

Hapo kelele zote zikakatika. Wakaanza kumhurumia. Bwana Justus kamshika mkono akamkalisha, akasema Mzee apumzike, kachoka. Mama Apolinaria akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Na mimi nikakunja waya za projekta.

Jumapili, 30 Juni

Ndoo kumi zimeagizwa kutoka Mwanza kupitia kile kitufe. Tovuti inafanya kazi. Astaghfirullah, jinsi inavyofanya kazi!

Mama ananiuliza mbona sili. Yeye husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu mimi kazaliwa siku ileile.

Jumanne, 2 Julai

Nimeitoa nembo. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Nimeweka nyuki. Bwana Justus kapiga kushukuru, anampenda sana yule nyuki.

Kisha akaniambia, kama habari tu, kwamba wamekaa wakakubaliana Mzee Alois asiende tena porini. Mtu anayetoa alama ya babu yake halafu hakumbuki, kesho atapotea huko, au atadondoka mtini. Mizinga yake itaangaliwa na wenzake, asali ataletewa nyumbani. Nikauliza yeye mwenyewe anasemaje. Kakubali, anasema. Kakabidhi kamba.

Nikasema sawa. Sawa! Nimejisikia kabisa nikisema.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda Ntalikwa kusema. Njia nzima juu ya pikipiki nimeipanga sentensi. Mama Apolinaria, Mzee hakuniruhusu, nilidanganya. Fupi, hata mtoto wa chekechea angeiweza.

Nilimkuta anapepeta. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Mzee kalala. Mchana kweupe kalala! Akaniambia tangu siku ile anauliza kila kitu mara mbili. Leo ni Alhamisi? Nimeshakula? Na majibu anayo, mama yule anasema, anayajua kabisa, ila hajiamini mpaka aambiwe. Asubuhi kataja jina la kaka yake marehemu, halafu kamwangalia mkewe kama mwanafunzi anayesubiri vema. Shoka la Mzee mama yule kalificha uvunguni, mumewe asije akatoka nalo kwa siri.

Akanishika mkono. "Afadhali tumejua mapema. Mungu alikutuma wewe."

Ningesema hapo. Nani angenizuia? Nikaomba maji. Nikanywa kikombe kizima, nikaaga. Kanifungia na mihogo. Nimeileta nyumbani, Mama kaipika, kila mtu kaila isipokuwa mimi. Mwongo mkubwa, na sasa mwoga juu yake. Nimeliandika neno hilo ili nilione kwa macho.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mama katengeneza vitumbua. Mimi nimeamua kesho. Jana pia niliamua kesho.

– Mzee Alois yuko sebuleni! Naandika nimesimama stoo, daftari juu ya gunia la mchele. Nimekuja kuchukua sukari.

Kaja kwa pikipiki na Mama Apolinaria, wametoka misa. Koti lilelile. Nilipomwona mlangoni nikainuka. Nikasema hatimaye kaja kunitukana mbele ya Mama, na wallahi nilifurahi. Nikamwamkia kwa magoti. Akaitika, akaniuliza sikio limepona. Sikio!

Kumbe hakuja kutukana. Kakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Anasema usingizi hapati. Siku ile ya porini anaikumbuka yote – mizinga tuliyopita, tawi, yule nyuki wa sikioni, hata maji niliyosahau. Lile la alama tu ndilo analolitafuta, halimo kabisa. Sasa anaogopa, huenda na mengine yametoka, na hata hayo anayoyakumbuka hayakuwa hivyo.

"Wewe ndiye uliyekuwapo, mwanangu. Niambie nilisema nini siku ile. Yote. Usinionee aibu."

Mama Apolinaria kasogeza kiti karibu. Mama yangu kaacha kumimina chai. Mimi nikasema ngoja nilete sukari.

Sukari ninayo mkononi. Mama ananiita mara ya pili, sasa kwa jina langu lote. Namsikia Mzee akimwambia asinikimbize. Aniache nikumbuke vizuri, anasema, maana atakachoambiwa na mimi ndicho atakachokishika.