Kompyuta Yako Imehama Bila Kuniaga

Kiseke, Mwanza

Baba Kulwa,

Sikuulizi hali, maana ya kwako siijui na ya kwangu nitakueleza sasa hivi. Kulwa na Doto ni wazima. Mama yako tumemrudisha Magu salama. Jogoo wako amekufa. Na kompyuta yako ya dukani imenishinda. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha niandike, ucheke kama huko kunachekwa.

Unakikumbuka kile kidirisha cha Kiingereza kilichokuwa kinachomoza kila asubuhi, kinaomba kuifanyia kompyuta mabadiliko? Ulikuwa unakibonyeza kabla hujaweka hata kikombe cha chai mezani. "Baadaye, mzungu, baadaye." Miaka yote hiyo nilidhani ni utani wako tu. Kumbe ulikuwa umeuegemea mlango kwa mgongo wako, na mimi sijui.

Tulipokuzika tukafunga duka. Msiba ulipoisha nikasema nirudi kazini, watoto hawatakula machozi yangu. Nikafuta vumbi, nikawasha. Safari hii haikuuliza chochote. Kiduara kikaanza kuzunguka, na maandishi kwamba nisizime. Nikakaa kwenye kiti chako nakitazama. Mwalimu mmoja alikuja kutoa kopi, akasubiri, akachoka, akaondoka, na chenyewe bado kinazunguka.

Kilipoacha, Baba Kulwa, ilikuwa kompyuta ya mtu mwingine.

Mimi hukunifundisha kwa majina ya vitu. Ulinitembeza humo kama mtu anavyomtembeza mgeni nyumbani kwake: pale chini kushoto ndiyo mlangoni, ukishaingia jikoni ni huku, na mafaili ya wateja tumeyapanga ukutani kushoto, harusi juu, misiba chini. Mkono wangu ulizoea, ulikwenda wenyewe huku naongea na mteja. Sasa mlango wameuhamishia katikati. Nikibonyeza kule kushoto inaniletea hali ya hewa. Hali ya hewa ya Mwanza, mimi! Mvua naiona inakuja kutoka ziwani, yenyewe imeniandikia jua. Vitufe vilivyokuwa na maneno sasa ni vichoro vitupu, navikodolea macho hadi kichwa kinauma. Printa ipo mezani, naigusa kwa mkono wangu, kompyuta inasema haioni printa yoyote.

Na ile picha ya Kulwa na Doto wamesimama pembeni ya ngoma kubwa kule makumbusho ya Bujora, ile ambayo kivuli chako kimelala mbele yao kwa sababu ulipiga picha jua likiwa mgongoni, wameiondoa. Wameweka ziwa la kwao huko, halina mtumbwi wala dagaa wala mtu anayefua. Nikalia kwa ajili ya kivuli. Mtu mzima mimi.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwako, na nilitaka ratiba ya ibada itoke kwenye mashine yako, kwa mpangilio wako wa misiba, wenye lile ua la kona uliloliunganisha mwenyewe siku nzima mpaka nikakufuata na chakula dukani. Nani hapa Kiseke hajazikiwa mtu wake kwa ratiba uliyoipanga wewe? Ya mazishi yako tuliichapisha mjini mbio mbio, uso wako ukatoka mweusi tii, na sikuwa na nguvu ya kusema. Hii nilitaka iwe yako. Hicho tu.

Nikaangalia ukutani kushoto. Peupe.

Nikamwita fundi. Akasema mafaili hayajapotea, yamepanda juu mtandaoni yenyewe wakati wa yale mabadiliko, na kuyafungua ni mpaka niandike neno lako la siri, au zile tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Neno hukuniachia. Nimejaribu majina ya watoto, langu, la mama yako, hadi la yule ng'ombe wa baba yako uliyekuwa unamsifia. Na laini yako imeshafungwa kwa kukaa bila kutumika. Mchungaji aliniambia nawe umekwenda juu. Basi mko huko pamoja, wewe na mafaili yako, na mimi niko huku chini sina wa kunitumia tarakimu. Nilikukasirikia, sikufichi. Ungeniambia neno moja tu, mume wangu, tulivyokaa tunapiga soga zile jioni zote.

Fundi anasema dawa ni kuifuta yote na kuipiga programu upya. Itakuwa nyepesi, itafanya kazi. Alishaweka mkono kwenye kibodi. Nikamwambia aondoke, na maskini alikuwa hana kosa.

Jana nikavuka barabara, nikaingia steshenari ya yule jamaa uliyekuwa unamcheka kwa kukata karatasi kombo. Binti yake ana adabu. Akaniamkia, akanipa kiti, akaniuliza jina la marehemu.

Nikasema, Baba Kulwa.

Akasema taratibu, "Mama, jina lake lenyewe, la kuandika juu."

Unajua nilivyolelewa, mke hatamki jina la mumewe. Toka niingie kwenu sijalitamka jina lako, nilianza na "wewe" hadi walipozaliwa hawa wawili wakaniokoa. Nikaitazama kalamu iliyokuwa mezani kwake. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu. Binti akanisogezea kalamu. Nikaliandika kwa herufi kubwa, akalichapa yeye.

Ratiba zimetoka nzuri, lazima niseme ukweli. Si zako, lakini uso wako unaonekana. Kompyuta nimeichomoa, nimeifunika kwa kitenge, na wakati mimi niko hai haifuti mtu. Nitatafuta nyingine ya kufanyia kazi, nianze kujifunza upya kama mtoto wa chekechea, sina jinsi.

Pumzika, Baba Kulwa. Jumamosi, msalaba ukishasimama na watu wakishatangulia kwenda kula, nitabaki nyuma kidogo. Nakuahidi nitainama nilitamke jina lako, mara moja, kwa sauti. Usishtuke.

Mama Kulwa