Mtani, Lile Panga Lilikuwa Hai

Mtani wangu Maganga, Mnyamwezi uliyelala makaburini Temeke,

Salamu sikupi. Mtani hasalimiwi kabla ya kutukanwa, na tusi lako nimekaa nalo kifuani miaka yote hii limegoma kutoka. Mjukuu wangu alitaka anishikie kalamu, nimemfukuza. Ngumbaru tulisoma pamoja mie na wewe, tena mie nilikuwa nakupita, mistari yako ilikuwa inapanda mlima. Basi soma.

Uwanjani kule Kipawa nani alikuwa anazijua injini za ndege ndogo kama mie? Wengine walizisikia kwa masikio, mie nilizisikia kwa nyayo. Na Dar hazina taabu. Unaipa petroli kidogo kwa pampu ya mkono, unalivuta lile panga linalozunguka mbele mara moja, injini inaitika. Joto linakufanyia nusu ya kazi. Sie watu wa joto tukadhani ndivyo injini zilivyo popote.

Na kazi ile tuliifanya kwa utani. Siku moja ulinijia mbio, "Kibwana, mama mkwe wako yupo getini anakuulizia!" Nikajificha chini ya bawa mpaka adhuhuri, kumbe hayupo. Na mie nikakuambia kuna nyoka kwenye mkia wa ndege, ukakataa kuusogelea siku mbili. Tangu hapo hapakuwa na neno langu uliloliamini, wala lako nililoliamini. Mzaramo na Mnyamwezi ndivyo walivyo.

Ndipo tukapelekwa Njombe na wale mabwana wawili waliokwenda kukagua kijiji cha ujamaa. Tulipotua jioni kapteni alifunga swichi. Injini haikuzimika, mtani. Iliendelea kunguruma taratibu, mpaka alipoikatia petroli ndipo ikanyamaza. Mabwana walikuwa wanagombania makoti, hawakusikia. Mie nilisikia. Waya ulikuwa umeachia mahali. Swichi inasema imezimwa, na ndani cheche zipo.

Nikamwambia kapteni. Akasema, "Tutaitazama Dar, Kibwana. Hapa hatuna vifaa."

Nikakuambia na wewe. Ukasema, "Mzaramo, baridi imekupanda kichwani. Kalale."

Jioni ile tuliimwaga oili yote kwenye debe, tukaiweka ndani kwa mlinzi isigande. Akili hiyo ilikuwa yangu, usije ukaidai huko uliko. Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, uwanja mzima kimya, hata mbwa wa mlinzi hakutoka. Tukalipasha debe kwenye mafiga, tukairudisha oili ikiwa ya moto. Betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Ikabaki mikono yetu.

Kapteni akapampu petroli, akazidisha, maana injini ya baridi inaitema. Mabwana wamesimama pembeni wanatazama saa. Kwanza panga lizungushwe kwa mkono, swichi imefungwa, oili ipite kote. Kazi ndogo, tulikuwa tunaifanya huku tunaimba. Ukaenda wewe, kwa sababu ulikuwa unatetemeka ukataka kupata joto.

Nikakuona umelikumbatia panga kwa bega, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Lilikuwa zito, kana kwamba kuna mtu kalishika upande wa pili.

"Mtani, toka hapo," nikasema. "Usilikumbatie. Simama mbali, uvute kwa ncha za vidole. Hiyo injini ina moto ndani."

"Ina moto na mie naganda hivi?" ukacheka. "Ungekuwepo ningeshauota!"

"Maganga, sikutanii."

"Nyie Wazaramo mkiona kazi ya mabega lazima mtunge hadithi. Njoo basi uvute wewe, mla nazi!" Ukamgeukia kapteni. "Swichi?"

"Imezimwa!"

Nikaja kukushika koti nikuvute. Ukanipiga kiwiko, unacheka.

Mara ya kwanza panga likageuka nusu, kimya. Mara ya pili injini ikavuta pumzi. Niliisikia kwenye nyayo. Ya tatu hukuivuta wewe. Ilijivuta yenyewe.

Ilizunguka kidogo tu, kisha ikafa. Kapteni mikono yake ilikuwa juu, hajagusa kitu. Mie ndiye niliyekudaka. Ulinitazama kama mtu anayesubiri nicheke kwanza, halafu ukaacha kunitazama.

Tulikurudisha kwa lori, mie nimekaa nyuma na wewe njia nzima.

Pale kaburini wakaniita. Unajua kazi ya mtani msibani, aingie shimoni ajilaze, agome kutoka, aige mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nikaingia shimoni, wote wakanitazama, ndugu zako waliotoka Tabora, majirani wa Temeke, mkeo.  Mie ninayejisifu kwa mdomo nikasema neno moja tu lililokuwepo.

"Nilimwambia asilikumbatie lile panga. Akadhani namtania."

Watu wakacheka, mtani. Mkeo naye akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Nikasema tena, kwa sauti kubwa, "Jamani, nasema kweli, nilimwambia!" Wakacheka zaidi, mzee mmoja akanipiga mgongoni, akasema, "Mtani hodari huyu." Nikapanda juu, nikachukua koleo.

Toka siku ile utani nimeuacha. Wanyamwezi wapo tele mtaani, wananichokoza, wananiita mtumwa wao. Nawajibu kwa adabu, nawaulizia watoto wao. Wanasema mzee huyu kiburi. Waseme. Miongoni mwao yupo fundi wa magari, kijana, ana kicheko kama chako. Juzi nilimkuta kajilaza chini ya lori, jeki imeinama. Nikamwambia atoke. Akatoka mara moja, akaniamkia shikamoo.

Lala, Maganga. Ni mie,

Mzaramo wako, Kibwana wa Temeke