Vigae na Mkeka

3 Juni

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Baba yako yupo na mdomo wake, sukari yangu haijanisumbua, na sare za kwaya zimenijaa mezani, cherehani haipumziki.

Nina kesi ya kukupa. Tumeweka vigae chumbani, na baba yako kila asubuhi akishusha mguu anaruka na kulaani. Anasema fundi kavilaza juu ya saruji mbichi, ndiyo maana vina baridi kuliko mkeka uliopo hapo hapo. Anataka vibanduliwe. Fundi mwenyewe ni mpwa wangu, sasa unaona ugomvi unakokwenda. Wewe ndiye mwalimu wa sayansi, amua.

Mama yako

12 Juni

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, ila chaki zinanikausha koo. Mwamkie Baba, halafu umwambie fundi hana kosa. Mkeka na vigae vimelala chumba kimoja, vyote vina joto lile lile. Mguu ndio wenye joto kuliko vyote viwili. Kigae kinalinyonya joto hilo upesi, mkeka unalichukua polepole, na ngozi inasikia inavyoporwa. Ndiyo maana hata sufuria na mwiko vya kabati moja havifanani mkononi. Jaribuni wenyewe: mguu mmoja kwenye kigae, mwingine kwenye mkeka.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu mwalimu,

Salamu zimefika, nasi hatujambo. Tumejaribu, na umeshinda. Nimesimama mguu huku mguu kule, nikabadilisha, sikuona tofauti hata chembe. Sawasawa kabisa, kama ulivyosema. Baba yako alipokanyaga akaruka tena. Nikamwambia mwanao kasoma, wewe una miguu ya mtoto mchanga. Amenuna mpaka mchana. Fundi ameponea hapo, na mimi nimecheka hadi nikakosea mshono.

Mama yako

24 Juni

Shikamoo Mama,

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa barua hii dereva wa basi.

Aliyejaribu sawa ni Baba. Joto la vitu hivyo ni moja, lakini mguu mzima lazima usikie kigae kina baridi zaidi. Wako haukusikia. Sukari huua hisia za miguu taratibu, bila maumivu. Naogopa, Mama. Baba akukague nyayo hata kama huumwi, kisha mwende kliniki leo hii. Sare za watu ziache.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Pole kwa kungoja. Nilikuwa nimelazwa, sasa niko nyumbani na ninakula vizuri.

Baba yako alinigeuza nyayo huku nikimcheka. Chini ya mguu wa kulia, karibu na kidole kidogo, palikuwa na kipande cha sindano ya cherehani, usaha umekizunguka. Sijui nilikikanyaga lini. Nimekuwa nikienda nacho sokoni na kurudi.

Kidole wamekikata. Mguu wameuacha. Daktari anasema tungekawia kidogo, yangekuwa mengine. Nililia mbele ya wauguzi, wala sikuona haya.

Sasa baba yako ananikagua kila asubuhi, amepiga magoti juu ya vigae vyake anavyovichukia, na halalamiki. Lakini macho yake yamechoka, na miwani hataki hata kuisikia. Shule zikifungwa njoo. Usihangaike na zawadi. Njoo uniangalie nyayo, maana mimi sizioni, na zenyewe haziniambii kitu tena.

Mama yako