Programu Isiyogoma

Landless, Thika
14 Machi 1999

Kwako Ndambuki,

Kuna jambo nimekuficha tangu Juni mwaka jana, na barua hii ni ya kulitoa. Lakini kwanza nikujulie hali. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo huko Mugutha, na kwamba kazi ya kutengeneza redio inakupa riziki. Mimi nipo. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kliniki, na Wanja, binti yangu, ameacha kuniuliza kwa nini. Ananipikia uji, nakunywa nusu. Siumwi sana. Sihisi mengi.

Utakumbuka kiwanda cha Ruiru kilivyonichukua nilipostaafu ualimu, niandike kwa Kiswahili maelezo ya kila mashine, yasomwe kwenye kompyuta za karakana kama kurasa za tovuti. Wewe, niliyekufundisha darasa la saba, ndiwe uliyekuwa fundi wa kompyuta hizo. Ulileta programu mbili za kutengenezea kurasa, ukasema tuchague moja.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi: najaza visanduku, nabonyeza kitufe, kurasa zinatoka zimepangika. Ya pili ilitaka amri ziandikwe mstari kwa mstari, na nukta moja ikikosekana inagoma. Uliipenda hiyo. Ulimwambia meneja, Bwana Bedan, kwamba ile nyepesi ni kama mgeni anayetaka sana kupendwa, haisemi hapana hata ukiitilia chumvi kwenye chai. Bedan alicheka, akasema Mwalimu akiiweza basi hata yeye ataiweza, na kiwanda hakitafuti programu ya kubishana nayo. Akaniuliza mimi. Nikasema nyepesi inatosha.

Sikusema kweli yote. Ulikuwa umenikalisha mbele ya ile ngumu siku tatu, na kila mstari nilikosa nukta. Siku ya tatu uliniambia kwa upole, Mwalimu, rudia hapo. Ndiyo maneno niliyokuwa nikikuambia ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Sikutaka kuyasikia tena.

Tulikuwa na boila mbili za kuzalisha mvuke, moja kuukuu na moja mpya, na kila moja na namna yake ya kuwashwa. Kurasa zote mbili nilizipa kichwa kimoja, Kuwasha Boila. Programu yangu iliweka ya pili juu ya ya kwanza, kimya, na ukurasa wa boila kuukuu ukapotea. Tobias, mfanyakazi wa karakana, alipohamishiwa boila hiyo alisoma ukurasa uliokuwepo, akafuata hatua zake moja baada ya nyingine. Mvuke ulimchoma uso na mikono yote miwili. Nilikwenda kumwona kwake. Mkewe ndiye humfunga vifungo vya shati. Alinishukuru kwa kumtembelea, akasema yeye alifuata maandishi ya Mwalimu, kwa hiyo hajui alikosea wapi.

Kamati ya kuchunguza ajali ilipokaa, ulisema uliyapitisha maandishi yangu kwenye ile programu ngumu wiki moja kabla ya ajali, ikagoma, ikatoa onyo kwamba kurasa mbili zina kichwa kimoja na mmoja utapotea. Ukalichapisha, ukanipa mkononi. Bedan akanigeukia. Nikasema sijapata kuiona karatasi hiyo. Mmoja wa wanakamati akasema Mwalimu huyu hawezi kudanganya, alimfundisha hata mdogo wake. Ukafukuzwa kwa uzembe na uongo. Mlangoni ulinipa mkono, ukaniambia labda nimesahau, ni umri. Nikakuitikia kwamba labda ni umri.

Haikuwa umri. Nakala moja ya barua hii Wanja atampelekea Bedan, na nyingine Tobias. Ameisoma. Kisha akaenda kuanika nguo.

Nisalimie mama watoto na watoto wote. Ukisikia nimekufa, usijilazimishe kuja.

Ni mimi, mwalimu wako,
Gachau

Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii. Utaona alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na tarehe. Niliisoma na kuisahihisha kama daftari la mwanafunzi, bila kubadili kichwa chochote, siku ile ile uliyonipa, siku saba kabla ya Tobias kuungua.