Kwa Baba Mathayo, Ambaye Pijo Yake Haijavutwa kwa Kamba

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukupeleke Mikumi, Baba Mathayo, mume wangu Ditram Luambano, ukalala karibu na mama yako kama ulivyotaka. Watoto walisema kumbukumbu hii iandikwe na Mathayo, kwa kuwa ndiye mkubwa na mwandiko wake unasomeka. Nikawakatalia. Siku ile Mathayo alikuwa kwenye usukani, hakuona yaliyotendeka nyuma ya gari. Mimi ndiye niliyesimama nyuma.

Usiogope, siandiki kilio. Kulia tumelia, na majirani ni mashahidi. Leo nimekaa barazani na kalamu nikajikuta nakusifu tu, tena bila aibu.

Wanaosoma haya na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa fundi makanika hapa Kilosa, mtoto wa manamba aliyetoka Songea kuja kukata mkonge. Ulianzia kwenye mashine za kuchakata mkonge, ukaishia kwenye magari. Mikono yako ilinuka petroli hata siku ya Pasaka, na mimi nilikuwa nakusogezea sahani hivyohivyo.

Shamba lilipodorora, meneja Mgiriki aliondoka akaiacha Pijo 404 nyuma ya kiwanda, ile ndefu yenye mlango wa nyuma. Ulipoichukua, kuku walikuwa wanataga kwenye siti. Watu walijazana kutazama trekta litakavyoivuta hadi nyumbani. Ukalikataa trekta. Ulifungua kabureta, ukaiosha kwa petroli, ukakata gasketi mpya kwenye boksi la sabuni, maana miaka ile spea tulizisikia kwa jina tu. Nilipokuletea kipande cha waya usafishie vitundu vya jeti vinavyopitisha petroli, ulinirudishia.

"Waya unapanua tundu, Gaudi. Nipe katani. Katani inapita bila kuumiza."

Ukachomoa unyuzi mmoja wa katani, ukapitisha taratibu, ukapuliza. Kisha ukatoka na gari hilo mwenyewe, moshi umetanda, kuku wanakimbia huku na huku, ukawapita wale wote waliokuja kuona trekta. Hukuwapungia hata mkono, Baba Mathayo. Ulikuwa na maringo wewe! Siku hiyo ukaapa kwamba Pijo yako haitavutwa kwa kamba maisha yako yote.

Kila Jumamosi asubuhi uliirekebisha kabureta. Ulingoja kwanza injini ipate moto, kwa sababu ulisema injini baridi ni kama mtu aliyeamshwa sasa hivi, haikwambii ukweli. Kisha unashika bisibisi yako ya mpini wa mbao, unaingiza kichwa chini ya boneti, unainua mkono wa kushoto. Hapo mtaa mzima umeshaelewa. Mama Mwanne jirani anasimamisha mchi hewani juu ya kinu. Redio zinazimwa. Mtu akipiga chafya anaomba radhi. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliwahi kuniuliza kama kuna msiba, nikamjibu, "Hapana, mume wangu anatafuta sailensa."

Sailensa, kwa wasiojua, ni ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, mguu haupo kwenye mafuta. Ukiikaza mno ile skrubu ndogo ya kabureta, injini inakosa mafuta na kukohoa. Ukiilegeza mno, inabugia petroli na kutoa moshi mweusi. Katikati pana mahali padogo sana ambapo gari linatulia lenyewe, nawe ulikuwa unapafikia kwa kusikiliza. Madereva wa mabasi walikungoja wewe tu. Padre wa misheni hakumruhusu mtu mwingine aguse gari lake la Foksi.

Lakini zile mashine za mkonge zilikuwa zimeshakula masikio yako. Ulianza kwa kulalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Kisha ukawa unamwitikia marahaba mtu aliyekuomba chumvi. Mwisho, Jumamosi moja, ulisimama na bisibisi yako mbele ya injini muda mrefu, ukaniita.

"Gaudi, njoo usimame hapa nyuma, kwenye eksozi."

"Nifanye nini?"

"Sikiliza. Ikitulia, inua mkono."

"Mimi najua nini mambo ya kabureta?"

"Umelea watoto watatu. Ulikuwa unajua usingizi wa kweli na usingizi wa kujifanya. Ni hivyohivyo."

Tangu siku hiyo wewe ukawa mkono, mimi nikawa sikio. Hukuona haya, na wala hukutangaza. Watu walidhani nimesimama kule nyuma nikingoja kuosha gari, nami niliwaacha wadhani. Nilikuwa najua mwenyewe moyoni kwamba fundi Ditram anayesifiwa Kilosa nzima anangoja mkono wangu. Ni mwanamke gani asingetembea kifua mbele?

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa vitu, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia hadi vichochoroni. Wenye Pijo wenzako waliziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shigela wa kijiji cha Zombo, aliyehamia na mifugo yake kutoka Usukumani, aliuza sehemu ya ng'ombe akanunua pikapu nyeupe inayong'aa. Siku moja alisimama kwetu, akaizunguka Pijo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hili lingekuwa ng'ombe tungekuwa tumeshalichinja."

Nilikurudia maneno hayo sikioni. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mwambie ng'ombe huyu bado anakamuliwa!"

Mkawa marafiki. Na kweli maziwa yalikuwapo. Mama mjamzito akizidiwa huko Zombo, mlango uliogongwa ulikuwa wetu. Hukuwahi kusema umechoka wala barabara ni mbovu. Kuna kijana kule anaitwa Pijo. Alizaliwa kwenye siti ya nyuma, palepale walipotaga kuku, na wewe ulikuwa unamweleza kila mtu kana kwamba ulimzaa mwenyewe.

Ulipougua hukutuachia wosia mrefu. Ulimshika Mathayo mkono, mimi ukanitazama, ukasema, "Mnipeleke Mikumi kwa Pijo. Iende kwa nguvu zake. Isivutwe." Tukaahidi sote wawili. Ahadi kwa mtu anayekata roho haina mjadala.

Sasa ngoja nikusimulie siku yako, maana ulikuwa umelala na hukusikia.

Wahehe ni watani wetu sisi Wangoni, na utani msibani haukosi. Marko, mtani wako mkubwa, alifika mapema na vituko vyake. Alilala mlangoni akasema jeneza halipiti. Alivaa ovaroli yako akawa anawakaripia waombolezaji kwa sauti yako. Watu wakacheka huku wanafuta machozi, na mimi pia, pale mkekani. Kisha akafungua boneti ya Pijo, akaichomoa ile skrubu ya kabureta pamoja na springi yake, akainyanyua juu.

"Mngoni huyu amenitesa miaka yote kwa kelele za gari lake! Hatoki hapa mpaka nile kuku!"

Akapewa kuku wake, jogoo mwekundu, kama mila inavyotaka. Naye akairudisha skrubu mahali pake, akaikaza kwa nguvu zote kama anafunga nati ya tairi.

Jeneza likaingizwa kwenye gari. Mathayo akawasha. Pijo ikanguruma, akatoa mguu kwenye mafuta, ikazima. Akawasha tena, ikazima. Gari la msiba linakwenda mwendo wa miguu, watu wakiimba mbele yake, na gari lisilo na sailensa haliwezi mwendo huo hata kidogo. Alirudia mpaka betri ikalegea. Kwaya ilinyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza. Marko alivua kofia. Utani wote ulimwisha usoni.

Shigela akaja mpaka mlangoni nilipokuwa nimekaa mkekani, akainama.

"Shikamoo mama. Pole sana. Pikapu yangu ipo hapa. Tumhamishie mzee humo, au kama mnataka aende na gari lake, kamba ninayo."

Alisema kwa wema kabisa, na sitamsahau kwa wema huo. Lakini niliposikia neno kamba, nikakumbuka ahadi yetu. Nikanyanyuka.

Dada yako Teresia akanishika kanga. "Wifi! Mfiwa hanyanyuki mkekani mpaka maiti itoke!"

"Wifi yangu, maiti imeshindwa kutoka. Ndiyo maana nanyanyuka."

Nikapita katikati ya watu, kichwa kimefunikwa, miguu pekupeku. Wanawake walidhani uchungu umenizidi, wakataka kunikamata. Marko alikuwa amesimama kando ya boneti, amemshika jogoo wake kwapani.

"Shemeji," akasema, "nimemuua mtani wangu mara ya pili."

"Weka kuku chini. Chukua bisibisi yake, iko chini ya siti. Mathayo apige hendeli ya kuwashia, wewe ulegeze ile skrubu taratibu. Ukiona nimeinua mkono, simama hapohapo."

"Mimi sijui kabureta, shemeji."

"Hujaambiwa ujue. Umeambiwa ulegeze."

Nikaenda nyuma ya gari, mahali pangu pa siku zote. Jeneza lako lilikuwa mbele ya uso wangu, kioo tu ndicho kilichotutenganisha. Nikawageukia watu, nikasema, "Jamani, nawaomba mnyamaze kidogo. Hata wanaolia."

Mama Mwanne ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alimziba mdomo binti aliyekuwa anapiga mayowe karibu naye, akawaashiria wengine. Kukawa kimya, Baba Mathayo, kimya kile chako cha Jumamosi, ila sasa umati ulikuwa umejaa mpaka barabarani. Mathayo akapiga hendeli kwa nguvu, injini ikashika, akakimbilia usukanini kuishikilia kwa mguu mpaka ikapata moto. Kisha akautoa mguu polepole. Ikakohoa. Marko akalegeza. Ikakohoa tena, ikayumba, ikataka kufa. Akalegeza zaidi. Nilifumba macho. Nilikuwa nakusikiliza wewe zaidi ya gari, sijui nisemeje vinginevyo. Na kukohoa kukapungua, na ule mtetemo wa kwenye kioo ukatulia, kama watoto wetu walivyokuwa wanatulia usingizi ukiwa wa kweli.

Nikainua mkono.

Marko alisimama hapohapo. Nilisikia mtu ananong'ona, "Kumbe sikio lilikuwa la mama." Ndiyo, lilikuwa la mama. Na mkono ulikuwa wa baba, na mkono ule hakuna wa kuufikia. Naliandika hili ili kila mtu alijue, kwa sababu mwanamume anayesifiwa kwa usikivu wake halafu akamwita mkewe na kumwambia "sikiliza wewe" si mwanamume wa kawaida. Nimeona wengi wanaoficha uziwi wao kwa ukali. Wewe hukutugombeza hata siku moja. Ulinikabidhi.

Basi tukakutoa. Pijo ilikwenda mwendo wa miguu hadi kanisani, haikuzima. Ikatoka kanisani, ikashika njia ya Mikumi, vumbi na mashimo yake yote, na pikapu ya Shigela ilikuwa nyuma yetu imebeba kwaya. Zombo watu walisimama kandokando ya barabara, na kijana Pijo alikimbia pembeni ya gari mpaka pumzi ikamwisha. Tulipofika makaburini Mathayo akaniuliza azime. Nikamwambia aiache. Ikanguruma peke yake pale barabarani mpaka udongo wa mwisho ulipowekwa. Katika mfuko wa shati lako nilikuwa nimeweka unyuzi mmoja wa katani.

Hapo sasa ndipo nilipokaa chini nikalia.

Pijo ipo, nzima. Marko anakuja kila Jumamosi kuinua boneti, nami nasimama nyuma. Mkono wake bado ni mzito, na namwambia hivyo, naye ananijibu kwamba Wangoni hatuna shukrani. Mama Mwanne anasimamisha mchi. Mathayo anasema magari ya siku hizi yanayokuja hayana hata hiyo skrubu, yanajirekebisha yenyewe. Nikamwambia basi yana bahati mbaya.

Unakumbukwa na mimi mkeo Gaudiosa. Wanao Mathayo, Hildegarda na Winnie, wakwe na wajukuu zako. Dada yako Teresia, aliyenisamehe kuhusu mkeka. Majirani zako wakiongozwa na Mama Mwanne. Rafiki yako Shigela na familia yake. Kijana Pijo wa Zombo. Na mtani wako Marko, anayesema jogoo yule alikuwa mgumu na kwamba bado anakudai mwingine.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hapa Kilosa, kisha tutakuja Mikumi sote, na tutakuja kwa Pijo. Haijavutwa kwa kamba hata leo.

Daima tutakukumbuka, Baba Mathayo. Naamini huko uliko umerudishiwa masikio yako. Tukifika tutaiacha ingurume kidogo kabla ya kuzima, na zamu hii mimi nitakuwa mbele na bisibisi, na wewe nyuma. Sikiliza. Ikitulia, inua mkono.